Resini, jua na vanishi: kuchagua malighafi na umaliziaji wa vielelezo vya stereolitografia

Kielelezo kilichochapwa kwa resini, yaani plastiki ya majimaji inayogandishwa kwa mwanga ndani ya printa ya 3D, hupendeza siku ya kwanza. Kingo zake ni kali, uso wake laini, na herufi zenye kimo cha milimita mbili zinasomeka bila taabu. Matatizo huja baadaye. Kiweke dirishani katika mji kama Lamu, zaidi kidogo ya nyuzi mbili kusini mwa ikweta, na baada ya muda kile kilichokuwa cheupe kitaanza kugeuka manjano, kile kilichokuwa kikipinda kitakatika kikibanwa, na kifuniko kilichokuwa kikiingia barabara kwenye kisanduku chake kitagoma kufunga. Mwenyewe hulaumu printa. Mara nyingi printa haina kosa. Aliyeagiza alichagua resini kwa kutazama picha, na habari ya kumalizia akaiacha mwisho, akidhani ni urembo tu.

Mimi nasema tugeuze mpangilio. Ujue kwanza kielelezo kitafanya kazi gani na kitakaa wapi. Kisha amua kitamaliziwa vipi. Resini ichaguliwe mwisho. Kwetu pwani, penye jua kali, chumvi na unyevu, umaliziaji ni kinga kabla haujawa pambo, na kuna resini ambazo bila kinga hiyo hazifai kabisa kutoka nje ya karakana.

Kinachotokea ndani ya beseni

Stereolitografia ndiyo njia ya kwanza ya uchapaji wa 3D iliyoingia sokoni. Charles Hull wa Marekani aliomba hataza yake mwaka 1984, akaipata mwaka 1986, na mwaka huohuo akaanzisha kampuni ya 3D Systems. Kabla yake, mwaka 1981, Hideo Kodama wa Nagoya, Japani, alikuwa amekwisha kuchapisha maelezo ya mbinu ya jamaa hiyo. Wazo halijabadilika: resini ya majimaji ikipigwa na mwanga wa urujuanimno huganda. Mashine kubwa za viwandani hutumia leza, mara nyingi ya nanomita 355, inayochora umbo juu ya uso wa resini. Printa ndogo za mezani humulika kutoka chini kupitia sakafu angavu ya beseni, nyingi kwa mwanga wa nanomita 405 na skrini inayoziba sehemu zisizotakiwa kuganda. Tabaka moja huwa na unene wa mikroni (elfu za milimita) 25 hadi 100, na matabaka hupandana mpaka kitu kinakamilika.

Ndani ya resini mna molekuli fupi, na mna kianzishi, yaani kemikali inayovunjika ikipigwa na mwanga na kuzichokoza molekuli hizo zishikane. Zikishikana hazifanyi nyuzi ndefu zilizolala ubavu kwa ubavu kama katika plastiki ya ndoo. Hufanya wavu, kila uzi umefungwa kwa mwenziwe. Ukilielewa hilo umeelewa nusu ya makala haya. Wavu ulioganda hauyeyuki tena: ukiupasha moto utalegea, kisha utaungua. Ndiyo maana ile mbinu ya kulainisha plastiki ya ABS kwa mvuke wa asetoni haifanyi kazi hapa. Ndiyo maana pia nati za shaba zinazozamishwa kwa pasi ya kulehemu, kama wafanyavyo wenye printa za uzi wa plastiki, hazizami ndani ya resini. Lazima uache tundu lenye nafasi na uzigandishe kwa gundi ya epoksi.

Jambo la pili ni kwamba printa haimalizi kazi ya kugandisha. Kipande kikitoka kwenye beseni bado ni kibichi. Baadhi ya molekuli hazijashikana, na nguvu zake hazijafika zinapotakiwa kufika. Kitaoshwa, kitakaushwa, kisha kitawekwa ndani ya kisanduku chenye taa na joto, kwa resini nyingi karibu nyuzi 60 za Selsiasi, mpaka kiive. Lakini mwanga haujui kwamba kazi imekwisha. Ukikitoa kipande hicho nje, jua linaendelea pale taa ilipoachia. Kwanza linashikanisha yaliyobaki, na kipande kinazidi kuwa kigumu na kupoteza unyumbufu wake. Kisha linaanza kuukata wavu wenyewe, na hapo ndipo rangi inapogeuka na nyufa za juujuu zinapojitokeza. Kilichokizaa kitu hiki ndicho kinachokiua.

Mafundi wa mashua wa Matondoni, kisiwani Lamu, hawahitaji somo refu kuhusu hili. Mbao nzuri ikiachwa bila sifa, yale mafuta ya papa, na chombo kikishushwa bila deheni, ule mchanganyiko wa chokaa na shahamu, bahari na jua vitadai haki yao. Hakuna fundi anayehesabu mafuta na deheni kuwa mapambo ya mashua. Resini nayo ni hivyo hivyo.

Resini si moja

Wauzaji huziita kwa majina mengi ya kibiashara, lakini ukiyaweka majina kando unabaki na makundi machache.

Ya kawaida ndiyo ya bei nafuu, hutoa maelezo madogo madogo kwa usafi, na inapigwa msasa vizuri. Udhaifu wake ni kwamba hukatika ghafla: huvutika asilimia chache tu kabla ya kuvunjika, na ikianguka kwenye sakafu ya saruji hupasuka. Joto linaloanza kuilegeza kwa kawaida ni nyuzi sitini na kitu hadi sabini. Kiasi hicho ni kidogo kuliko watu wanavyofikiri. Kitu cheusi kilichoachwa juani saa saba mchana, ndani ya boti iliyofungwa gatini, kinaweza kukaribia hapo. Itumie resini hii kwa kielelezo cha kutazamwa, cha kupimia mkononi, au cha kutengenezea kalibu.

Kuna resini kakamavu, zilizotungwa kuiga tabia ya plastiki kama ABS au polipropilini. Hizi huvutika zaidi, hustahimili kugongwa, na hufaa kwa bawaba, vibanio na vifuniko vya kubofya. Lawama yangu kwao ni moja: ni laini kidogo chini ya msasa, hutoa nyuzinyuzi badala ya vumbi, kwa hiyo uso wa kung'aa unapatikana kwa jasho.

Resini zinazonyumbuka kama mpira hutumika kwa vizibo na vishikio. Zipo, lakini mpira halisi huzishinda kwa kukunjwa mara nyingi na kwa kukaa juani, na hazipigiki msasa. Nikiombwa gasketi ya kudumu, namwelekeza mwenye shida kwenye kalibu na silikoni.

Zilizojazwa unga wa kioo au kauri huwa ngumu mno, hazipindi, zinastahimili joto zaidi. Zikianguka huvunjika kama sahani. Zile za joto kali, zikiivishwa kwa mwanga na tena kwa moto, zinaweza kuvuka nyuzi 200 kabla ya kulegea, nazo pia ni kavu. Hilo ni kama sheria katika familia hii: kadiri wavu unavyobana ndivyo joto linavyostahimiliwa na ndivyo kipande kinavyokuwa chepesi kukatika. Anayekuahidi vyote viwili kwa ukamilifu ndani ya chupa moja, mwombe karatasi ya vipimo, na utazame kama vipimo vimechukuliwa kabla au baada ya kuivisha. Tofauti ni kubwa.

Resini angavu ninaiweka peke yake kwa sababu inadanganya wengi. Haitoki kwenye printa ikiwa kioo. Hutoka na ukungu, kwa kuwa mistari ya matabaka hutawanya mwanga. Uangavu wake hutengenezwa kwa mkono baadaye, na ndiyo ya kwanza kuonyesha umanjano.

Na kuna resini za epoksi, hasa za mashine za viwandani. Hazisinyai sana zinapoganda, kwa hiyo vipimo vyake ni sahihi. Lakini hunywa unyevu wa hewa, huvimba kidogo na kulegea. Ukiagiza kipande cha namna hiyo kutoka ng'ambo kije kikae Lamu wakati wa masika bila kupakwa chochote, usishangae kikibana mahali kilipokuwa kikicheza.

Kumalizia huanza kabla ya kuchapa

Kila kipande hushikiliwa na miguu myembamba wakati wa kuchapwa, na kila mguu huacha kidonda kidogo. Uamuzi wa kukilaza kipande upande upi ndio uamuzi wa kwanza wa umaliziaji. Uso utakaoonekana usiote miguu; uipeleke upande wa ndani au chini. Ukiacha programu ikuamulie, itatafuta njia iliyo salama kwa printa, na wewe utalipa kwa saa za msasa.

Vitu vinene huchapwa vikiwa na uwazi ndani ili kuokoa resini. Sharti lake ni matundu ya kutolea majimaji, angalau mawili, moja la resini kutoka na moja la hewa kuingia. Nimeletewa kielelezo cha boya, kizuri kwa nje, kilichochapwa na karakana moja bila tundu hata moja. Resini mbichi ilibaki tumboni. Baada ya wiki kadhaa kwenye rafu, ubavu ulifunguka ufa mrefu na majimaji yanayonata yakachuruzika mpaka kwenye vitabu vilivyokuwa chini yake. Resini iliyonaswa hula ukuta kutoka ndani na kuusukuma ikijigandisha polepole. Hakuna rangi inayoweza kuuzuia ufa wa namna hiyo.

Kuosha hufanywa kwa alkoholi ya isopropili, mara nyingi kwa vyombo viwili: cha kwanza kinachukua uchafu mwingi, cha pili kilicho safi kinamalizia. Kukilaza kipande humo usiku kucha ni kukiharibu, maana alkoholi huingia ndani, hukivimbisha, na kikikauka huacha nyufa. Dakika chache zinatosha, kwa kufuata maelekezo ya resini yenyewe. Kisha kikauke kabisa. Kipande kinachoingia kwenye taa kikiwa na majimaji hutoka na mabaka meupe au ngozi inayonata, na rangi haitashika hapo.

Je, jua la bure haliwezi kuchukua nafasi ya kisanduku cha taa? Linaweza kugandisha, hilo halina ubishi. Lakini halina kipimo: upande mmoja hupata zaidi ya mwingine, na kipande chembamba hupinda kuelekea upande uliopigwa. Nyumbani kwa majaribio, sawa. Kwa kielelezo ambacho mtu atakipimia vipuri vyake, nunua taa na meza inayozunguka.

Baada ya hapo ndipo msasa. Anza na namba 220 kwenye vidonda vya miguu tu, uende 320 na 400 kwa uso mzima, na msasa uwe na maji siku zote. Maji huzuia joto, huzuia msasa kuziba, na zaidi ya yote huzuia vumbi la resini kupanda puani. Kama utapaka rangi, simama kwenye 400, maana praima, ile rangi ya kwanza ya kutangulia, inahitaji mikwaruzo ya kushikia. Kama unataka uangavu, endelea 600, 1000, mpaka 2000, kisha pasta ya kung'arishia. Kuna njia fupi ambayo mimi naipendelea: fika 600, osha, kausha, kisha pulizia vanishi angavu. Vanishi huijaza mikwaruzo na ukungu unatoweka mbele ya macho yako. Kupaka mafuta ya madini hutoa matokeo kama hayo kwa siku ya picha, lakini hayakai.

Usisahau kwamba msasa huondoa na rangi huongeza. Praima pamoja na mikono miwili ya rangi inaweza kuongeza karibu sehemu ya kumi ya milimita kila upande. Tundu la mhimili likipakwa ndani, mhimili hautaingia. Ziba matundu kwa mkanda kabla ya kupulizia, au uyapanue kwenye mchoro tangu mwanzo.

Kapi la mashua

Chukua mfano wa fundi anayetaka kujaribu umbo jipya la kapi, lile la kupitishia henza ya kupandishia tanga. Anataka kujua kama kamba itapita bila kuruka nje na kama mkono wa baharia unalishika vyema. Hataki kubebesha kielelezo foromali nzima, ule mti unaoshika tanga, kwenye upepo wa kusi. Akijaribu hivyo kuna mtu ataumia.

Kwa kazi hiyo ningechapa mashavu mawili ya kapi kwa resini kakamavu na gurudumu la ndani kwa resini iliyojazwa, kwa kuwa gurudumu linahitaji kubaki duara. Mhimili uwe wa chuma kisichoshika kutu, wala usichapwe. Mfereji wa kamba usibaki na mistari ya matabaka, kwa kuwa mistari hiyo hufanya kazi ya tupa: kila kamba inapopita inakula nyuzi zake. Kunja kipande cha msasa wa 400 juu ya kijiti cha unene wa kamba yenyewe, uzungushe mfereji mzima mpaka ukucha usikwame popote. Nje, weka praima, rangi nyepesi isiyovuta joto, na juu yake vanishi ya polyurethani ya sehemu mbili yenye kinga ya urujuanimno, aina inayotumika kwenye boti. Rangi yenyewe inauzuia mwanga usifike kwenye resini. Vanishi inalinda rangi.

Siku ya kupulizia ichaguliwe. Wakati wa masika hewa imejaa maji, na vanishi ikikauka haraka katika hewa hiyo huganda na utando mweupe, kwa sababu unyevu unatua juu ya uso uliopozwa na viyeyushi vinavyotoroka. Miezi ya kaskazi iliyo mikavu, asubuhi jua likiwa limepanda kidogo, ndiyo saa nzuri, ndani ya chumba kisichopitisha vumbi la uchochoroni.

Umbo likikubalika, mashavu hayohayo yaliyong'arishwa yanaweza kuwa mama wa kalibu ya silikoni, na humo akamimina nakala kadhaa za polyurethani. Hapa kuna mtego unaowakera wengi: silikoni inayogandishwa kwa platini haigandi vizuri ikigusa resini ya akriliki ambayo haijaiva sawasawa. Inabaki na ngozi ya utelezi palepale kwenye uso uliouhangaikia. Ivisha kielelezo mpaka mwisho, kipulizie vanishi, kiache kikauke, kisha jaribu silikoni kidogo pembeni kabla ya kumwaga yote. Au tumia silikoni inayogandishwa kwa bati, ambayo haina shida hiyo.

Pete ya sonara

Lamu ina masonara wanaotia vigae vya sahani za kale za Kichina ndani ya fedha. Hakuna vigae viwili vinavyolingana, na hapo resini ya kusubia inaweza kuwa msaada wa kweli. Kigae kinapimwa, kitako chake kinachorwa kulingana na pembe zake, pete inachapwa, inazungushiwa plasta maalumu, kisha tanuri inapandishwa hatua kwa hatua hadi juu ya nyuzi 700. Resini inaungua yote na kuacha tundu lenye umbo la pete, na fedha inamiminwa humo. Kigae chenyewe kitatiwa baadaye kwa mkono wa sonara, na kazi hiyo printa haiigusi.

Umaliziaji wa pete hii una masharti yake. Fedha hunakili kila kitu, mistari ya matabaka ikiwemo, kwa hiyo chapa kwa tabaka la mikroni 25 na uiweke miguu mahali ambapo tupa itafika. Osha kwa makini zaidi ya kawaida, kwa kuwa resini mbichi iliyobaki juu ya pete huuchafua uso wa plasta na fedha hutoka na vijishimo. Usipake praima wala rangi yoyote, kwa sababu madini yaliyomo hayaungui. Yatabaki majivu ndani ya tundu. Na uongeze ukubwa kidogo tangu kwenye mchoro, maana fedha husinyaa ikipoa na ung'arishaji utakula nyingine.

Kwa anayetaka tu mteja aone pete itakavyokuwa, kuna kuchovya. Resini haipitishi umeme, basi hupakwa kwanza rangi yenye chembe za metali, ikatiwa shaba kwa umeme, kisha nikeli au fedha juu yake. Ganda hilo huongeza uzito, ugumu, na baridi ya chuma kwenye kidole, na hulikinga jua kabisa. Ni kazi ya kemikali kali, ipelekwe kwa anayeijua. Lakini kipande cha resini tupu kisivaliwe kidoleni siku nzima hata kama kimeiva.

Afya na mifereji yetu

Resini mbichi huingia kwenye ngozi na kuufundisha mwili kuichukia. Mtu anaweza kuishika bila glavu kwa miezi asione kitu, kisha siku moja mikono ikaanza kuwasha na kuvimba, na kuanzia hapo kila mguso mdogo unamrudishia mateso yaleyale. Glavu za nitraili, miwani, dirisha wazi, na alkoholi iwe mbali na moto. Hili halina kujadiliana, hasa kwa vijana wanaojifunza kazi.

Maji ya kuoshea yasimwagwe kwenye mitaro. Mitaro ya mji wa kale wa Lamu inashuka hadi baharini, na resini ambayo haijaganda ni sumu kwa viumbe vya majini. Weka alkoholi chafu juani ndani ya chombo angavu, mahali ambapo watoto na paka hawafiki. Resini iliyomo itaganda na kutua chini. Chuja, alkoholi iliyobaki itumie tena kwa mwosho wa kwanza, na mabaki yaliyokauka kabisa ndiyo yaende na taka. Karatasi na glavu zilizochafuka nazo zianikwe zigande kabla ya kutupwa.

Unapoagiza

Wengi wetu tutachapisha kwa fundi aliye Mombasa au Nairobi na kupokea kifurushi. Basi kwenye maelezo ya kazi usiandike jina la resini peke yake. Andika kipande kitakaa wapi na kwa muda gani, uso upi usiguswe na miguu, matundu yapi yasipakwe rangi na vipimo vyake viweje baada ya kupaka, msasa uishie namba gani, na kama kiivishwe kabisa kabla ya kutumwa. Omba pia vibanzi viwili vyembamba vya resini hiyohiyo, kimoja kikiwa kimepakwa vanishi uliyoiagiza na kingine kitupu. Vifunge juu ya paa kwa mwezi mmoja, uvipinde kwa mkono, ndipo uagize vipande vingine.